Maji ya Usiku

Jedwali lilipofunguka kwenye kioo, Fabiola Tluway alikuwa ameshaandika tarehe juu ya ukurasa wa daftari na kuipigia mstari kwa rula. Wenzake wa kozi ya Takwimu za Kati, mia mbili na kumi kutoka Pemba hadi Bungoma, walisoma kwa kusikiliza tu. Yeye alikuwa na miaka arobaini na saba, na kichwa chake hakikushika kitu ambacho mkono haukukiandika.

"Wiki hii hatutumii namba za mifano," alisema Mwalimu. "Tunatumia za kweli."

Mwalimu alikuwa kiti. Sheria ilikataza mashine kuvaa sura ya mtu, kwa hiyo chuo kiliweka katikati ya kioo kiti kitupu cha mbao chenye mto wa buluu, na sauti ikatokea hapo, sauti ya mama mtu mzima asiye na haraka. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kiti, naye hakukasirika.

"Hiki ni kisima kimoja katika wilaya moja ya nyanda za kaskazini," Mwalimu aliendelea. "Kuna vipimo mia mbili hamsini na viwili vya madini ya floraidi, vilivyochukuliwa na msomaji mmoja kwa miaka mitatu. Nimeondoa jina la kisima na jina la msomaji. Swali ni moja. Je, saa ya kupima ina uhusiano na kiasi cha madini?"

Fabiola alianza kunakili. 3.8. 3.6. 3.9. Kisha 1.3. Kisha 1.4, na 1.2, na tena 1.3. Kalamu ilisimama kabla mwenyewe hajajua kwa nini imesimama. Akarudi kwenye safu ya tarehe. Tarehe sita Machi. Tarehe tisa Machi, siku ambayo mama yake alianguka bafuni.

Aliifunika ile safu kwa kiganja, kama mtu anayefunika karatasi ya mtihani, ingawa chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Zilikuwa namba zake.

Alikuwa msomaji wa maji kwa miaka tisa. Wilaya ilikuwa imejaribu kutumbukiza vihisio visimani, lakini chumvi ya maji yale ilivila ndani ya miezi mitatu, na mwishowe ikaonekana ni nafuu kuajiri miguu. Msomaji alitembea hadi kisimani, akachota, akadondosha dawa, akaiweka chupa ndani ya kipimio, na kipimio kikatuma namba pamoja na saa kwa Mizani. Mizani ndiyo mashine iliyowasha na kuzima pampu zote za wilaya. Ilinunuliwa ng'ambo na kufundishwa Kiswahili kizuri, na mwaka huu ilikuwa imetaka kila msomaji awe na cheti cha Takwimu za Kati, la sivyo asiguse kipimio tena.

"Tazameni," alisema Mwalimu, na juu ya kiti vikachomoza vilima viwili vya rangi. "Kilima hiki ni cha vipimo vya mchana. Viko mia moja na arobaini, na wastani wake ni 3.7. Hiki kingine ni cha usiku, kati ya saa saba na saa kumi usiku. Vipimo mia moja na kumi na viwili, wastani 1.3. Mnakumbuka mwisho wa maji salama ni 1.5. Mizani iliugundua mwenendo huu miaka miwili iliyopita, kisima kikiwa karibu kufungwa. Ikaamua pampu iwake usiku tu na kujaza tenki. Kijiji kikabaki na maji."

Fabiola alijua kijiji hicho. Kilikuwa Endasiwi, alikoishi wifi yake. Watu wa kule walijivunia maji ya usiku, waliyasifu kwa wageni kuwa ni matamu, na shule ilikuwa na wimbo wake. Naye alikuwa amedhani miaka yote ni elimu ya mashine, kwamba mashine imeona chini ya ardhi kitu ambacho macho ya watu hayafiki.

Alitazama safu ya saa. 02:00. 03:00. 02:00. 01:00. 04:00. 02:00.

Saa mbili asubuhi. Saa tatu. Saa mbili. Hivyo ndivyo alivyoziandika, kwa kidole, amekaa jikoni kwake. Kipimio kilipopata saa chenyewe kiliandika 08:00 na 09:00. Betri ya saa ikifa kiliruhusu njia ya mkono, na yeye alikuwa akiitoa betri.

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Hashil Makame wa Pemba, ambaye hakuweza kukaa dakika kumi bila kusema. "Mimi langu si la hesabu. Huyo msomaji ni mtu au jini? Saa nane usiku yuko kisimani, mara mia na kumi na mbili! Na fisi je? Walikuwa wakimshikia taa?"

Kicheko kilipita kwenye kioo kama mvua juu ya bati.

"Au yakhe kaandika saa za kwetu!" Hashil alikuwa anajichekesha mwenyewe sasa. "Saa mbili, kumbe asubuhi, katoka kunywa chai zake!"

Walicheka zaidi. Mwalimu hakucheka, lakini alingoja wamalize.

"Hiyo ni dhana nzuri, Hashil. Mimi napokea namba zikiwa zimeshavuliwa lugha, siwezi kujua zilivaa nini. Tuipimeje? Kama kifaa kinaandika saa chenyewe, dhana inakufa. Kama mtu anaweza kuandika kwa mkono, inabaki hai." Kiti hakikuwa na macho, lakini Fabiola alihisi kimemgeukia. "Bi Fabiola ni msomaji kazini. Bi Fabiola, vipimio vya miaka ile viliruhusu kuandika saa kwa mkono?"

Watu mia mbili na kumi walikuwa wakimsikiliza.

"Hapana," alisema Fabiola.

"Asante. Basi dhana imekufa."

"Mungu ailaze pema," alisema Hashil.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kisima namba saba. Njia ilipita Endasiwi, ikashuka korongo na kupanda ng'ambo, saa tatu kwenda na tatu kurudi. Tangu vipimio vipya vilipokuja, vile visivyo na njia ya mkono, Fabiola alikuwa ameitembea kila wiki bila kukosa. Alikuwa akijiambia kwamba miaka miwili ya kutembea kweli imefuta ile mitatu.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya pili baada ya lile somo. Alifika kisimani, akapima, na kipimio kikaandika 3.8. Wakati wa kurudi aliingia kwa wifi yake kama kawaida.

"Mtu wa mguu huyo!" Emiliana aliita kutoka jikoni kabla hajamwona vizuri. "Karibu wifi, kaa. Usiseme kitu kwanza."

Alikuwa mjane wa kaka yake Fabiola, mwanamke mrefu, mwepesi wa mikono. Alileta kigoda kile kile cha siku zote, akaleta beseni la maji ya kumwosha miguu, na kikombe cha maziwa mgando. Alikuwa akifanya hivyo tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyemwagiza. Alisema mtu anayetembea korongo kwa ajili ya maji ya wenzake hawezi kuondoka kwake na vumbi miguuni.

Fabiola alitazama beseni. Maji yalitulia, meupe, hayana harufu.

"Lete miguu basi. Au leo unaogopa maji yako mwenyewe?"

"Wifi, yatunze. Nitanawa nyumbani."

"Haya mapya. Mbona uso umekunjamana? Ni ile shule?"

"Ni ile shule."

"Nilikuambia. Kichwa cha mtu wa miaka yetu ni kama kapu la zamani, ukitia mbegu ndogo zinapita chini." Emiliana alicheka, kisha akageuka kuelekea uani. "Tekla! Njoo umwamkie shangazi."

Mtoto alitoka nyuma ya banda la kuku. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minne, binti wa mwisho, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari mgonjwa. Alikuja mbio, akitupa miguu nje kama bata. Fabiola alikuwa ameuona mwendo huo kwa miezi mingi na kuucheka pamoja na mama yake. Leo aliitazama miguu yenyewe. Magoti yalikaribiana, na chini ya magoti mifupa ilikwenda kila mmoja upande wake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Cheka nione."

Tekla akacheka. Meno ya mbele yalikuwa na michirizi ya hudhurungi.

"Mganga wa zahanati anasema nilimbeba mgongoni mapema mno," Emiliana alisema, akishusha sauti kidogo. "Anasema itanyooka akikua. Na watoto wa jirani Paskalina wawili hivyo hivyo, na huyo hakuwabeba, aliwalaza tu. Sasa mimi sijui. Ninachoshukuru ni kwamba maji tunayo mazuri. Fikiria tungekuwa tunakunywa ya mchana!"

Fabiola aliyanywa maziwa yote kwa mkupuo mmoja ili asijibu.

*

Katika wiki ya pili ya kozi, Mwalimu alikuwa amewafundisha makosa mawili. La aina ya kwanza ni kuona kitu mahali pasipo na kitu. La aina ya pili ni kutokiona kitu kilichopo. "Na katika somo hili," Mwalimu alisema siku ile, "kosa si hatia. Ni umbali tu kati ya namba na ukweli. Halina mwenyewe." Fabiola aliinakili sentensi hiyo na kuipigia mistari miwili. Alilipenda somo kwa sababu yake. Alikuwa hajawahi kusikia neno kosa likisemwa bila mtu kuulizwa wewe ulikuwa wapi.

Sasa alifungua ukurasa ule akausoma tena. Ulikuwa mzuri kama mwanzo, lakini haukumhusu.

Mama yake alikuwa amelala kitandani miaka ile mitatu, hadi alipofariki. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeuza. Saa sita za korongo zilikuwa saa sita za mama kulala kwenye mkojo. Fabiola alianza kwa kuruka siku moja, akaandika namba iliyofanana na ya wiki iliyopita, 3.7, na mara kengele ya Mizani ikalia kwamba maji yamezidi, apime tena mara mbili. Kwa hiyo alijifunza kuandika chini ya 1.5. Namba ndogo haikuulizwa maswali. Hakufikiri kwamba namba itakwenda mahali. Alifikiri itakaa tu pale ilipoandikwa, kama jina kwenye daftari la wageni.

Lakini Mizani ilikuwa imepewa mlima wa namba zinazogombana, ikatafuta kinachozitenganisha. Haikuwa na safu ya uongo. Ilikuwa na safu ya saa.

Jumamosi mchana, kipindi cha maswali, alikuta kiti peke yake.

"Mwalimu, naomba kuuliza kitu kisichomo kwenye zoezi."

"Uliza, Bi Fabiola."

"Tuseme mtu haamini vile vipimo vya usiku. Hataki kufuta kitu. Anataka tu kwenda kupima upya usiku, kwa kipimio chenye saa yake, mpaka Mizani ibadili mawazo. Atahitaji vipimo vingapi?"

"Utaanza na nini?"

Aliorodhesha taratibu. Mchepuko sanifu, yaani mtawanyiko kutoka wastani, wa zile mia na kumi na mbili ulikuwa mdogo mno, kwa kuwa mtu anayebuni haendi mbali. Mizani iliziamini zaidi kwa sababu ya utulivu huo. Kipimo kimoja cha 3.8 kingeonekana ajali, na viwili vingeonekana kifaa kibovu. Alikokotoa kwenye daftari, akakosea mgawanyo, akafuta, akarudia. Mwalimu alingoja bila kumsaidia.

"Thelathini na nane," alisema mwishoni.

"Mimi pia napata thelathini na nane. Na kanuni ya sasa ya wilaya inaruhusu kipimo kimoja kwa wiki kwa kisima."

"Wiki thelathini na nane."

"Ndiyo."

Aliandika 38, akaizungushia duara. Karibu miezi tisa. Hakuna mtu angejua. Angetembea usiku kweli, apite mbele ya hao fisi wa Hashil, na mwishoni namba zenyewe zingesema, yeye akiwa amesimama pembeni kama shahidi tu. Alihisi joto la shukrani kifuani. Kisha aliona kwamba amekaa hapo, na rula yake na kalamu yake, akipima ni miezi mingapi ya miguu ya Tekla inayotosha kulinda uso wake. Na alikuwa ameipata kwa hesabu sahihi.

"Kuna njia fupi zaidi?" aliuliza.

"Ipo. Aliyeandika vipimo anaweza kuviondoa mwenyewe, kwa fomu ya masahihisho. Mizani hukokotoa upya papo hapo."

"Papo hapo."

"Kabla pampu haijawaka tena. Bi Fabiola, sikuulizi wewe ni nani katika hesabu hii. Nimekuuliza swali moja wiki hii, ukanijibu, nami nikaliua wazo la Hashil kwa jibu hilo. Ukiona lilikuwa hai, nirudishie. Nitalifundisha tena."

Fabiola alifunga kioo bila kuaga.

*

Angeweza kuijaza fomu ile Jumamosi ile ile. Hakuijaza. Jumapili alikwenda kanisani, Jumatatu alifua, Jumanne alihudhuria somo na hakusema neno. Pampu iliwaka usiku wa siku hizo zote. Baadaye, katika yote aliyopaswa kuyaeleza, siku tano hizi ndizo zilizomshinda kuzieleza, kwa sababu ndani yake hapakuwa na mama mgonjwa.

Alhamisi alishuka korongo kungali na umande. Saa mbili kasoro dakika tano alikuwa kisima namba saba, juu ya zege lililopauka kwa chumvi. Alichota, akadondosha dawa. Maji yaliyopaswa kubaki mekundu yalipauka hadi rangi ya chungwa hafifu. Kipimio kikaandika: 3.9. Saa 08:00.

Alikaa chini, akafungua fomu ya masahihisho. Iliuliza sababu, ikampa orodha ya kuchagua. Kosa la kifaa. Kosa la sampuli. Kosa la uandishi. Nyingineyo.

Kidole kilikwenda kwenye kosa la uandishi kama ng'ombe anayejua njia ya zizi. Akaandika: *Katika vipimo 112 saa iliandikwa kwa saa za Kiswahili. 02:00 isomeke saa mbili asubuhi.*

Ilikuwa kweli tupu. Ilikuwa hata ya kuchekesha. Hashil angeshangilia wiki nzima, watu wangesema kosa kama hilo lingempata yeyote kati yetu. Akabonyeza.

Mizani ilijibu kabla hajashusha mkono. *Asante, msomaji. Vipimo 112 vimehamishiwa asubuhi. Tofauti ya usiku na mchana haipo tena; pampu imewashwa. Wastani mpya wa kisima ni 2.6. Maji yatachanganywa nusu kwa nusu na ya kisima namba nne. Endasiwi itaendelea kupata maji.*

Alisoma mara mbili. Kisha akafanya hesabu kwa kijiti kwenye vumbi, kwa sababu daftari lilikuwa nyumbani. Kisima chenye 3.7 kingehesabiwa kuwa na 2.6, na mchanganyiko wake ungeonekana salama bila kuwa salama. Uongo wake ulikuwa umevuliwa saa, ukavalishwa saa nyingine, na bado ulikuwa unafanya kazi. Tekla angekunywa uongo uliopunguzwa. Na safari hii ungekuwa umesahihishwa rasmi, wenye muhuri, hakuna ambaye angeutazama tena.

Alifungua fomu nyingine. Orodha ile ile. Alipitia makosa yote matatu polepole, akijaribu kila moja kama mtu anayejaribu viatu vya watu wengine mlangoni, na hakuna lililomwingia. Akachagua nyingineyo.

*Sikwenda kisimani,* aliandika. *Namba hizi 112 nilizibuni nikiwa nyumbani. Nilitoa betri ili niweze. Niliandika ndogo ili kengele isilie. Hakuna aliyenituma. Wiki iliyopita niliulizwa darasani kuhusu kifaa nikadanganya tena. Ziondoeni zote. Fabiola Tluway, msomaji.*

Mara hii Mizani ilichukua muda. Labda ilikuwa inaita watu.

*Vipimo 112 vimeondolewa. Wastani wa kisima ni 3.7. Pampu namba saba imezimwa. Endasiwi itapelekewa maji kwa gari Jumatatu na Ijumaa. Msomaji, kipimio chako kimefungwa. Utaitwa.*

Taa ya kijani ya kipimio ilizimika mkononi mwake. Nyuma yake pampu iliguna, ikanyamaza, na ndipo aliposikia jinsi mahali pale palivyo kimya.

Kabla hajaondoka alituma sauti moja fupi darasani. "Mwalimu, vipimio viliruhusu saa kuandikwa kwa mkono. Hashil alikuwa sahihi kuhusu saa. Kuhusu fisi, hapakuwa na fisi. Hapakuwa na mtu kabisa." Hakungoja kusikia kama watacheka.

*

"Mtu wa mguu huyo!" aliita Emiliana.

Kigoda kilikuwa tayari. Beseni lilikuwa tayari. Tekla alikuwa amekaa mlangoni, akipanga punje za mahindi kwenye mstari. Fabiola hakukaa.

"Wifi, bomba litakauka leo. Nimekuja kukuambia kabla hujasikia kwa watu."

Alieleza amesimama, kwa utaratibu, kama anavyoandika daftari: betri, jiko, namba ndogo, saa, Mizani. Alisema floraidi ni nini na inafanya nini kwenye mfupa wa mtoto. Alisema zahanati ilikosea kuhusu mgongo. Hakumtaja mama yake. Emiliana alimjua mama yake, alimletea uji miaka ile yote, na kumtaja kungekuwa ni kuomba.

Emiliana alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha maziwa. Hakukitua, wala hakumpa.

"Zile siku," alisema. "Ulizokuwa unakuja hapa jua limepanda, nikakwambia pole na korongo. Ulikuwa unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani."

"Nilizunguka nyuma ya shule ili nionekane natokea upande wa korongo. Nisingepita hapa ungeuliza watu mbona sijapita."

"Na mimi nikakuosha." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehakiki kitu. "Miguu yako ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nakumbuka. Nilikuwa nayaona maji yanabadilika rangi. Lile vumbi lilitoka wapi, Fabiola?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Ilikuwa wifi siku zote.

"Nilijipaka," alisema Fabiola. "Pale njia ya ng'ombe. Niliinama nikajipaka."

Hilo halikuwamo kwenye fomu yoyote. Alikuwa ametembea njia nzima akijiambia kwamba kwa kuwa hakuna atakayeuliza, hahitaji kulisema.

Emiliana aligeuka akamtazama mwanawe. Tekla alikuwa amemaliza mstari wake na kuanza mwingine chini yake, amekaa na miguu mbele, kila mmoja umejikunja kwenda kwake. Mama yake aliitazama miguu hiyo kwa muda mrefu, kama mtu anayeisoma upya barua aliyodhani anaijua. Kisha akakinywa kile kikombe cha maziwa mwenyewe, chote, akakiweka kizingitini.

Akaitazama miguu ya Fabiola. Vumbi jekundu la korongo lilikuwa limeshika hadi kwenye vigimbi, na kisigino kimoja kilikuwa kimepasuka na kutoa damu.

"Leo umetoka kweli," alisema.

Akasogea. Fabiola alidhani anataka kulimwaga beseni. Emiliana alilisukuma mbele kwa mguu, likakwaruza ardhi, likasimama kwenye vidole vya wifi yake, maji yakichezacheza.

"Nawa," alisema. "Kwa kunawa yanafaa."

Kisha akamnyanyua mtoto, akaingia naye ndani. Fabiola alikaa kwenye kigoda, akatia miguu, akaanza kuisugua mwenyewe, na maji yakabadilika rangi.